Sura ya Saba: Umemvua, Mbona Unamrudisha?

Swali hili huzuka kila mara mtu anapoonekana kando ya Bwawa la Nyumba ya Mungu akimnasua samaki kwenye ndoano, akimtazama, kisha akimwachia aende zake. "Umemvua mwenyewe, kwa jasho lako, mbona unamrudisha?" Anayeuliza ana haki ya kuuliza. Kuanzia Same hadi Mwanga na Moshi, perege wa kukaanga ni kitoweo cha nyumbani, na kwa familia nyingi za kando ya bwawa ndiye ada ya shule na dawa ya mtoto. Kumwachia samaki aliyekwisha kunasa kunaonekana kama kuidharau riziki.

Nusu ya lawama hiyo naikubali. Mtu anayemvua samaki kwa ajili ya picha, akamwacha agaragare juu ya mchanga huku simu ikitafutwa, kisha akamtupa majini akiwa hoi, amemuua bila kumla. Huo ni upotevu, na haupunguzwi kwa kuitwa mchezo. Lakini kuna kurudisha kwa namna nyingine: mvuvi wa kitoweo anapochambua alichovua, mkubwa akaenda kikapuni, mchanga au mzazi akarudi majini akiwa na nguvu za kuishi. Ugumu wake uko mikononi, na katika sekunde chache baada ya samaki kutoka majini.

Maji yaliyo chini ya milima

Anayeshuka kutoka Upare wa Kaskazini kuelekea magharibi hukutana na maji mengi katikati ya nyika kavu. Ndilo Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katikati ya miaka ya 1960 mahali mito miwili inapokutana: Kikuletwa, unaoleta maji ya Meru na Kilimanjaro, na Ruvu, unaotoka Ziwa Jipe. Likijaa, bwawa hufunika takriban kilomita za mraba 140. Chini ya ukuta wake maji huendelea kama Mto Pangani, yakipita magharibi mwa wilaya ya Same, yakizunguka miguu ya milima hadi kuingia Bahari ya Hindi kwenye mji wa Pangani.

Bwawa lilikusudiwa umeme, umwagiliaji na kudhibiti mtiririko wa mto. Samaki walikuja kama neema ya ziada. Bwawa jipya huwa na chakula kingi, kwa sababu majani na udongo uliozama huoza na kuirutubisha mimea midogo ya majini. Perege walizaana kwa kasi, wavuvi wakaja kutoka mikoa mbalimbali, na vijiji kama Lang'ata vikajaa mitumbwi na majiko ya kukaushia samaki. Kisha mavuno yakaporomoka. Ndivyo mabwawa mengi mapya yanavyokwenda, ila kwetu shida iliongezwa na nyavu zenye matundu madogo. Serikali imewahi hata kulifunga bwawa kwa uvuvi ili samaki wapumzike.

Samaki wa bonde hili si wa kawaida. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe alichapisha maelezo ya aina mpya za perege kutoka Ziwa Jipe na Mto Pangani, akazipa majina ya hapa hapa: mmoja akaitwa jipe, mwingine pangani, mwingine korogwe. Kaskazini kidogo, katika Ziwa Chala lililo ndani ya shimo la volkano chini ya Kilimanjaro, anaishi perege mwingine, hunteri. Yeye ndiye aliyetumiwa mwaka 1889 kuanzisha jina la ukoo wote, Oreochromis, ambamo leo wanahesabiwa sato wa Ziwa Victoria na perege wanaofugwa duniani kote. Ukoo huo wa samaki, unaolisha watu kuanzia China hadi Brazili, kwa jina ni wa bonde hili. Naye jipe amewekwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kwa hiyo perege mdogo anayepapatika kwenye mtumbwi pale Lang'ata huenda ni wa aina isiyopatikana popote duniani nje ya bonde hili.

Waliojifunza kwa samaki mmoja mkali

Ujuzi wa kumshika na kumwachia samaki umekuzwa sana Marekani na Kanada, hasa kwa ajili ya samaki mmoja: muskellunge, ambaye wavuvi wake humwita musky kwa kifupi. Ni samaki mrefu, mwenye kinywa kipana kilichojaa meno, na huzidi urefu wa mita moja. Anakula samaki wenzake, na hata bata wadogo. Ziwa moja haliwezi kulisha wengi wa namna hiyo, kwa hiyo huwa wachache, na jike huchukua miaka kadhaa kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Wavuvi humwita samaki wa mirusho elfu kumi, wakimaanisha kwamba utarusha ndoano mpaka mkono uchoke ndipo umpate mmoja.

Zamani huko, musky mkubwa alipigwa rungu na kutundikwa ukutani. Maziwa yakaanza kuishiwa na samaki hao wakubwa. Mwaka 1966, katika jimbo la Minnesota, wavuvi wenyewe walianzisha jumuiya iitwayo Muskies, Inc., na miongoni mwa mambo iliyoyahimiza ni kuwarudisha samaki hao majini. Hapo wakagundua kwamba nia njema haitoshi. Samaki aliogelea kwa mbwembwe akiondoka, kisha akafa baadaye mbali na macho yao. Wakaanza kubadilisha vifaa: wavu mkubwa wa mkono ambamo samaki hubaki ndani ya maji huku ndoano ikitolewa, koleo refu, na mkasi mzito wa kukata chuma cha ndoano badala ya kuking'ang'ania. Wengi wao leo hawamvui kabisa maji yanapopita takriban nyuzijoto 27.

Sisi hatuna musky. Somo lao linatufaa kwa sababu walilazimika kuuliza swali ambalo mvuvi wa kitoweo haulizi mara nyingi: samaki huyu, nikishamwachia, anaishi?

Kinachompata samaki nje ya maji

Samaki hupumua kwa matamvua, yaani zile nyuzi nyekundu zilizo chini ya kifuniko cha shavu. Zikiwa majini hutawanyika na kuchukua hewa ya oksijeni iliyoyeyuka humo. Zikitolewa nje hushikana na kulala moja juu ya nyingine, na kazi yake karibu yote husimama, ingawa oksijeni imejaa hewani pote.

Sasa fikiria hali aliyonayo wakati huo. Amepambana na mshipi dakika nzima au zaidi. Misuli yake imetumia nguvu zote na kuzalisha tindikali, ile inayowaka miguuni unapopanda mlima kwa haraka. Ni sawa na mtu aliyekimbia kutoka Same mjini hadi juu Vudee, na pale pale anapofika, anahema, ukamziba pua na mdomo.

Kiasi cha madhara kimepimwa. Katika jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 1992, watafiti walimkimbiza trauti mpaka akachoka. Huyu ni samaki wa maji baridi, ambaye wakoloni walimpandikiza pia katika mito ya Mlima Kenya. Miongoni mwa waliochoshwa bila kutolewa nje ya maji, asilimia 12 walikufa. Waliowekwa nje kwa sekunde 30 walikufa asilimia 38. Waliokaa nje dakika moja, asilimia 72. Trauti si perege, na maji ya milimani si maji ya Nyumba ya Mungu, kwa hiyo tarakimu hizo tusizihamishie kwetu kama zilivyo. Lakini sababu ni ile ile kwa kila samaki anayetegemea matamvua: kila sekunde ya ziada nje ya maji ina gharama yake.

Joto nalo lina lake. Maji ya nyuzijoto 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni katika kila lita. Yakifika nyuzijoto 30 hubeba kama 7.5. Perege wetu wamezoea joto kuliko musky au trauti, lakini aliyechoka bado anahitaji oksijeni nyingi kwa haraka, na maji ya joto hayana akiba kubwa. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii. Mahali penye magugu mengi, kama kingo za Ziwa Jipe, oksijeni huwa chini kabisa alfajiri. Usiku mimea haitengenezi oksijeni, nayo huendelea kuitumia pamoja na viumbe wengine. Mvuvi wa alfajiri anayetaka kumrudisha samaki afadhali amwachie kwenye maji ya wazi, si katikati ya matete.

Na kuna ute. Ule utelezi unaofanya samaki aponyoke mkononi ni ngozi ya juu ya ngozi. Huzuia vimelea na ukungu. Mkono mkavu, mchanga, gunia au ubao mkavu wa mtumbwi huukwangua. Samaki ataondoka akionekana mzima, kisha ukungu mweupe uanzie pale vidole vilipobana.

*Kwa ufupi: samaki aliyevuliwa ana deni la pumzi. Hewa humwongezea deni, joto huchelewesha kulilipa, na mkono mkavu humvua kinga.*

Mama aliyebeba watoto mdomoni

Hapa ndipo perege wa Nyumba ya Mungu na Jipe wanapowazidi musky na trauti kwa uzito wa jambo.

Dume la perege huchimba shimo dogo la duara kwenye mchanga wa maji mafupi, akalisafisha na kulilinda. Jike huja, hutaga mayai, kisha huyaokota yote kwa mdomo. Huko mdomoni ndiko yanakoanguliwa. Kwa muda wa kama wiki mbili mama hutembea na watoto hao, akiwageuzageuza ili wapate maji yenye hewa, na yeye mwenyewe hali kitu, au anakula kidogo mno. Hata wakianza kuogelea wenyewe, hatari ikitokea hurudi mbio na kuingia mdomoni mwa mama.

Hesabu ya uzazi huo ni ndogo. Kambale jike hutaga mayai maelfu kwa maelfu na kuyaacha. Perege hutaga mamia, au maelfu machache, na kila moja limelindwa. Ukimpoteza mama mmoja mwenye mdomo uliojaa, umepoteza uzazi mzima pamoja naye.

Jike anayelea hasogelei chambo, kwa sababu hali. Ndoano, basi, kwa kiasi fulani humwepuka. Wavu haumwepuki. Kokoro, yaani wavu mrefu wa kukokotwa kutoka ufukweni, hupita palepale kwenye maji mafupi ambako madume wamechimba na majike wamejificha. Huvuruga mashimo, hukusanya wakubwa na wadogo pamoja. Sheria imelipiga marufuku, na kwa maoni yangu hakuna zana iliyolidhuru bwawa kuliko hiyo. Zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki ambazo wavuvi huziita timba zina ubaya wake pia: uzi wake mwembamba huingia chini ya mashavu ya samaki, na kumnasua bila kumjeruhi ni kazi kubwa.

Perege mama akibanwa, hutema. Wavuvi wengi wameona vijipunje vya njano au vifaranga vyenye macho makubwa vikisambaa kwenye sakafu ya mtumbwi, na hapo vimekwisha. Kwa hiyo ukiinua wavu na kuona jike mwenye kidevu kilichovimba, usimvute ndani. Mnasue akiwa bado majini, ubavuni mwa mtumbwi. Akitema huko, watoto wakubwa kidogo wana nafasi ya kumrudia.

Kambale asitudanganye

Kambale ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa yenyewe. Ndiyo maana kiangazi, vidimbwi vinapokauka, huonekana akijiburuta kwenye tope kutafuta maji mengine, na ndiyo maana hufika sokoni Same akiwa hai kwenye ndoo. Mtu aliyekulia na kambale hujenga imani kwamba samaki wote ni wagumu hivyo. Perege aliyelala juani dakika mbili huku kambale wa jirani yake akiendelea kuchezacheza hayuko katika hali moja naye hata kidogo. Kambale mwenyewe mshike kwa uangalifu kwa sababu yako wewe: mapezi yake ya ubavuni yana miiba inayochoma vibaya.

Namna ya kumshika atakayerudi

Uamuzi hutangulia. Kabla samaki hajatoka majini, jua yupi atarudi, na koleo liwe tayari mkononi, lisitafutwe chini ya matanga na ndoo. Mengine ni haya:

- Bana kwa koleo ile ncha ndogo ya ndoano iliyopinda kurudi nyuma, ilale. Utapoteza samaki wachache, lakini ndoano itatoka kwa kuvuta mara moja.
- Tumia mshipi wenye nguvu ya kutosha ili umlete haraka. Kumchosha kwa muda mrefu ndiko kunakomuua.
- Lowesha mikono kabla ya kumgusa. Usimshike kwa kitambaa kikavu.
- Mbakize majini unapotoa ndoano. Ukilazimika kumwinua, mshike kwa mikono miwili, mmoja ukiwa chini ya tumbo, amelala usawa. Matumbo ya samaki hubebwa na maji. Akining'inizwa kwa taya, uzito wote huvuta viungo vya ndani.
- Usiingize vidole kwenye matamvua kwa samaki unayetaka aishi. Nyuzi hizo zina damu nyingi na huchanika kirahisi.
- Ndoano iliyomezwa iache, kata mshipi karibu na mdomo. Kuichokonoa huchana koo na moyo, ambao kwa samaki uko karibu sana na shingo.
- Akilegea, mshike wima kama anavyoogelea, kichwa kikielekea maji yanakotoka, mpaka aondoke kwa nguvu zake. Usimsukume mbele na nyuma. Maji yakiingia kinyumenyume hayamsaidii.

Kipimo kizuri cha muda ni pumzi zako. Shika pumzi unapomwinua. Ukihisi kutaka kuvuta hewa, naye anahitaji maji.

Yupi arudi, yupi aende jikoni

Samaki anayetoka damu nyingi kwenye matamvua hataishi. Kama si wa ukubwa au aina iliyokatazwa, apelekwe jikoni. Kumrudisha aliyekwisha kufa nusu ili roho yako itulie hakumsaidii yeye wala bwawa.

Mchanga ambaye hajazaa hata mara moja arudi. Hili wavuvi wengi wanalijua, ingawa bei ya siku hiyo huwashinda. Mama anayelea arudi. Na kuna kundi la tatu linalosahaulika: wazazi wakubwa sana. Jike mkubwa hutaga mayai mengi zaidi kuliko mdogo. Kwa miaka mingi kanuni za sangara katika Ziwa Victoria zililinda pande zote mbili: aliye chini ya sentimita 50 na aliye juu ya sentimita 85, ili wavuliwe wa katikati. Kwa perege, kuvua wakubwa wote mfululizo kuna madhara mengine tena: wanaobaki ni wale wanaoanza kuzaa wakiwa wadogo, na baada ya vizazi kadhaa bwawa hujaa perege wa ukubwa wa kiganja ambao tayari ni wazazi.

Nani apange? Vipo vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana kwa kifupi BMU, ambavyo ni wavuvi na wanakijiji wenyewe wakishirikiana na ofisa uvuvi. Nina imani navyo zaidi ya doria za kuchoma nyavu mara moja kwa mwaka. Wapare wana sababu ya kuamini jambo hili. Milimani kuna ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani, na kwa vizazi vingi yameendeshwa kwa zamu zilizopangwa na wenyeji. Aliyefungulia maji nje ya zamu yake aliulizwa na majirani. Hakusubiriwa ofisa kutoka wilayani. Mahali pa mazalia ya perege, zile kingo za mchanga zenye mashimo ya madume, panaweza kulindwa kwa utaratibu wa aina hiyo: pajulikane, pawekewe mipaka, na wanaovua wawe ndio wanaopalinda.

Arudi alikotoka

Limebaki jambo moja, na linawahusu zaidi wafugaji kuliko wavuvi. Katika wilaya za Same na Mwanga watu wengi siku hizi wanachimba mabwawa ya kufugia samaki, na wanaofugwa mara nyingi ni sato wa asili ya Mto Naili, kwa sababu hukua haraka. Ni kazi nzuri. Hatari inakuja bwawa la kufugia linapofurika masika, au mtu anapowahurumia vifaranga waliozidi akawamwaga mtoni.

Sato ni ndugu wa ukoo mmoja na jipe, pangani na korogwe. Wakikutana huzaliana, na watoto wao huzaa pia. Taratibu damu ya mgeni humeza ya mwenyeji, mpaka aina ya asili haipo tena hata kama maji yamejaa samaki. Perege wageni wamekwisha kuonekana katika bonde la Pangani. Jipe hana ziwa jingine la kukimbilia.

Kwa hiyo samaki wa mtoni arudi mtoni pale pale alipovuliwa, wa Ziwa Jipe arudi Jipe, na wa bwawa la nyumbani asipelekwe popote isipokuwa bwawa jingine la kufugia, sokoni au jikoni. Weka wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, na inua kingo za bwawa lako kabla mvua za masika hazijaanza Machi.